Ruhusa ya Kukata Samri

Kila siku Asya akirudi skuli, kazi zake zilikuwa zilezile: kuwapa mbuzi maji, kumsomea Babu Hamoud ujumbe wa simu, na kumfukuza beberu mmoja mwenye tabia ya kula nguo zilizoanikwa. Beberu huyo alikuwa ameshakula kanzu, kilemba na nusu ya mkeka wa kuswalia. Watu wa Bidiya, mji wao ulio ukingoni mwa jangwa, walisema siku atakapochinjwa atakutwa amevaa.

Babu Hamoud hakuwa kipofu. Mtoto akichuma tende bila ruhusa upande wa pili wa falaji, ule mfereji wa maji ya mashamba, Babu alimwona na akamtaja kwa jina la baba yake. Lakini herufi za simu hakuzitaka. Alisema ni kama sisimizi waliomwagiwa sukari, na yeye hana ugomvi na sisimizi. Kwa hiyo simu ya Babu ilikaa kwa Asya, aliyekuwa na miaka kumi na miwili na vidole vyepesi.

Wiki ile simu ilikuwa moto mkononi mwake. Idi Kubwa ilikuwa inakaribia, na zamu ya kuni ilikuwa ya nyumba yao.

Mtaa wao una tanuri moja la chini ya ardhi, shimo refu lililojengwa kwa mawe na udongo. Idi ikifika, kila nyumba hupaka nyama viungo, huifunga kwa majani ya mgomba, huitia ndani ya mfuko uliosukwa kwa ukuti na kuufungia alama yake. Mifuko yote hushushwa juu ya makaa, kisha tanuri huzibwa kwa udongo mpaka kesho yake. Nyama hiyo ndiyo shuwa. Mtu akishaila, hata ugomvi wa mpaka wa shamba huusahau mpaka jioni.

Lakini kuni za shuwa si za kuokota njiani. Zinatakiwa kuni nzito, zenye makaa ya kudumu, na mti unaosifiwa kwa hilo ni samri, ndugu yake mgunga. Samri huota kwenye wadi, yaani lile bonde la mto unaokaa mkavu mpaka mvua ije. Na wadi ni ardhi ya serikali. Huwezi kuingia na msumeno kama unaingia shambani kwako. Lazima uombe ruhusa ofisi ya mazingira.

Maombi aliyaandika Asya, Babu akimtajia maneno. Jibu lilikuja siku ileile: maombi yamepokelewa, afisa atakuja kuuona mti kwanza, kisha ndipo ruhusa itolewe. Baada ya hapo, kimya.

"Imetoka?" Babu aliuliza asubuhi.

"Bado, Babu."

"Imetoka?" aliuliza kabla hajamaliza kunywa kahawa.

"Bado."

Alitoka uani akaenda mpaka mlangoni, akarudi, akaenda tena. Bibi Kaltham, mkewe, alikuwa anatwanga bizari. Alimtazama akipita, akamtazama akirudi, kisha akaweka mchi chini.

"Bwana we, kaa kitako. Utatoboa sakafu tutokee Zanzibar."

"Mtaa mzima unanitazama mimi, Kaltham."

"Wacha wakutazame. Ulikuwa kijana mzuri, labda wamekumbuka."

Asya alicheka, lakini simu hakuiweka chini. Skuli aliitazama simu chini ya dawati mpaka mwalimu akamhamisha akakae mbele. Njiani aliitazama. Akiwapa mbuzi maji aliitazama, na beberu akapata nafasi ya kula soksi.

Jioni moja alikwenda kwenye falaji kuosha vyombo, akamkuta Basma, jirani na rafiki yake, ametia miguu majini.

"Mama ameshanunua viungo," Basma alisema. "Ananiambia nikuulize kama anunue na mtungi wa gesi."

"Gesi ya nini?"

"Ya kupikia nyama ambayo nyumba yenu itatulisha mbichi."

"Ruhusa inakuja."

"Hata mvua inakuja. Lakini hatufui nguo kwa kuisubiri."

Asya alirudi nyumbani bila kusuuza sufuria.

Kesho yake mchana, mama yake Basma alisimama mlangoni akizungumza na Bibi Kaltham. Mzee Yaarub, msimamizi wa tanuri la mtaa, alikuwa barazani na Babu. Wote wanne walikuwa wanazungumzia jambo lilelile. Asya alipotokea na simu mkononi, wote walimgeukia.

"Haya, mjukuu wangu," Babu alisema. "Imetoka?"

Asya aliona uso wa mama yake Basma. Aliona Mzee Yaarub anavyokuna ndevu. Akajiambia kwamba ruhusa lazima itatoka leo, au kesho asubuhi. Sasa kuna tofauti gani ikitajwa mapema kidogo?

"Imetoka, Babu," alisema.

Neno lenyewe halikuwa na uzito wowote lilipotoka mdomoni. Lakini Babu aliinuka kama aliyetuliwa gunia la mchele mgongoni. "Alhamdulillahi. Si niliwaambia? Nyumba hii haijapata kuuangusha mtaa."

Alipotoka kuswali adhuhuri alikuwa ameshawatangazia msikiti mzima. Saa hiyohiyo watoto walikuwa wanaimba mitaani kwamba kuni zimepatikana. Na kabla ya alasiri pikapu ilisimama nje, na Azzam, mtoto wa ami yake Asya, akapiga honi. Azzam alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa amepata kazi ya udereva kwenye kambi ya watalii jangwani, aanze Idi ikiisha, na tangu apate habari hiyo alikuwa anaendesha hata akienda dukani kwa jirani.

"Twende ukanionyeshe mti," alisema. "Babu anasema wewe ndiye mwenye ruhusa."

"Leo?"

"Wataka mwakani?"

Asya alimtazama Babu, na Babu alikuwa anamtazama yeye kwa furaha tupu. Akapanda.

Njia nzima aliitazama simu. Hakuna kitu. Pikapu ilipita mashamba ya mitende, ikaiacha lami, ikateremka wadini ikirukaruka juu ya mawe.

"Mbona umekaa kama uliyemeza ndimu?" Azzam alimuuliza.

"Joto."

"Joto? Hili si joto. Mwaka juzi kuku wetu walitaga mayai ya kuchemsha."

Waliufikia mti ambao Babu alikuwa ameutaja kwenye maombi. Ulikuwa samri mkubwa, umesimama peke yake kwenye kokoto, hauna jani hata moja. Matawi yake yalikuwa ya kijivu, na miiba yake mirefu inameta juani.

"Huu umekufa zamani," Azzam alisema. "Tuliomba ruhusa ya nini, sijui." Aliwasha msumeno wa mashine. Mbuzi waliokuwa mbali wakakimbia.

Tawi la kwanza lilikuwa nene kama mwili wa mtu. Msumeno ulilia, unga wa mti ukaruka. Asya alisimama pembeni akijizuia kuitazama simu tena. Kisha unga ule ukamfikia miguuni, naye akainama akauokota.

Ulikuwa na maji.

Ulishikana kidoleni kama unga wa mkate. Tawi lilianguka kwa kishindo, na pale lilipokatwa ndani palikuwa pabichi, pamelowa, na chini ya gamba kulikuwa na mstari wa kijani.

"Kaka Azzam, simama."

"Nini?"

"Simama, mti huu haujafa."

Azzam aliacha mashine ikinguruma kwa sauti ndogo, akasogea kutazama. Kabla hajasema neno, simu ililia.

Mtu aliyepiga alizungumza Kiarabu kwa upole. Alisema jina lake ni Adil, wa ofisi ya mazingira, na kwamba ameshaingia Bidiya kuja kuuona mti wa Bwana Hamoud kwa ajili ya ile ruhusa. Mwenyewe yuko wapi wakutane?

Asya alifunika simu kwa kiganja, akasema kwa Kiswahili, lugha ya nyumbani kwao, "Ni afisa. Anataka kuja kuuona mti."

"Kuuona wa nini tena? Si ruhusa imetoka?"

Asya aliinamisha kichwa.

Azzam alimsogelea. Rangi yake ilibadilika kidogokidogo. "Asya. Imetoka au haijatoka?"

"Haijatoka."

"Ya Rabbi." Azzam aliuweka msumeno chini. "Watachukua gari. Watachukua na mashine. Na mimi kazi yangu je? Mwambie tawi tumelikuta chini limeanguka."

Sauti ndogo ilitoka ndani ya kiganja cha Asya, na safari hii haikuwa ya Kiarabu. "Binti, bibi yangu mimi ni mtu wa Wete, Pemba. Na hiyo mashine naisikia."

Azzam akaizima mashine. Wadi yote ilinyamaza.

"Mpo wadi gani?" Adil aliuliza.

Bidiya ina wadi nyingi. Azzam alimwashiria Asya kwa mikono miwili: usiseme, twende zetu. Kweli wangeweza kupanda gari na kuondoka kabla afisa hajafika. Lakini jina la Babu lilikuwa kwenye maombi, na mti ulikuwa pale, umekatwa, hauwezi kupanda gari nao. Wa kuulizwa angekuwa Babu. Wa kutafutwa kwa ajili ya msumeno angekuwa Azzam. Na yeye, aliyelianzisha jambo lote hili kwa neno moja, angekuwa nyumbani anawapa mbuzi maji.

"Tupo hapa kwenye mti wenyewe, ami, ule ulioandikwa kwenye maombi," alisema. "Tumeshakata tawi. Kaka yangu hakujua. Mimi ndiye niliyesema ruhusa imetoka."

Adil akasema, "Msiguse kitu kingine. Nakuja."

Adil alifika na gari nyeupe, akateremka bila haraka. Alikuwa mwembamba, kofia yake imekaa upande. Hakuwapigia kelele. Alikwenda moja kwa moja kwenye shina, akalikwangua kwa kucha, akawaonyesha: kijani.

"Umelala," alisema. "Wakati wa jua kali samri huvua majani ili usipoteze maji. Mvua ikija unaamka. Nyinyi mmemkata mkono mtu aliyelala."

Azzam alikuwa anatazama viatu vyake.

"Ndiyo maana huwa nakuja kwanza," Adil aliendelea. "Watu husema naichelewesha Idi yao. Juu kule kuna samri ulioangushwa na mafuriko, umekufa kwelikweli, mizizi nje. Nilikuwa nimeuona jana, nikasema nije niwaonyeshe huo badala ya huu. Mngeupata leo hii."

Asya alijisikia kama aliyepigwa kofi. Leo hii.

Wakati huo gari la Mzee Yaarub lilitokea likitimua vumbi, na Babu Hamoud yumo ndani, amevaa kilemba kizuri. Alikuja kuona kazi inavyokwenda. Alimwona afisa, akatabasamu, akanyoosha mkono.

"Karibu, mwanangu. Umekuja kutukagua? Sisi watu wa utaratibu. Ruhusa tunayo, imetoka leo, mjukuu wangu anayo hapo kwenye simu."

Adil aliupokea mkono wa Babu. Alimgeukia Asya na kumsubiri.

Hapana jambo lililowahi kuwa zito kwa Asya kama hilo. Kumwambia afisa kwenye simu kulikuwa rahisi, maana simu haina macho. Babu alikuwa na macho, na yalikuwa bado yanacheka.

"Babu, haijatoka," alisema. "Haikutoka leo wala siku nyingine. Nilikudanganya."

Tabasamu la Babu lilibaki usoni kwa muda, kama mgeni ambaye hajaambiwa aondoke. Kisha likaondoka. Alilitazama tawi. Alimtazama Mzee Yaarub, aliyekuwa amesimama nyuma yake msikitini adhuhuri ileile. Akaenda kukaa juu ya jiwe.

Adil aliandika aliyoyaona. Alisema tawi litabaki hapohapo, wala halitachomwa na mtu. Msumeno atakwenda nao. Gari hatalichukua, kwa sababu aliambiwa ukweli kabla hajafika, na kijana alikuwa ameambiwa kuna ruhusa. Lakini Babu afike ofisini kwa ajili ya faini, na maombi yao yamesimama. Idi hii hakuna samri.

"Na ule ulioanguka?" Azzam aliuliza polepole.

"Utalala pale. Haukimbii."

Walirudi. Nyumbani Bibi Kaltham alisikia habari yote, akaketi. Asya alilia, akasema hatatoka nje mpaka Idi ipite.

"Utatoka," Babu alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha tangu wadini. "Ule uongo wako niliubeba mimi kwa ulimi wangu mpaka msikitini, bila kujua nimebeba nini. Sasa huu ukweli utaubeba wewe. Nyumba kwa nyumba. Utasema ulichofanya, na utaomba kuni. Mimi nitakuwa nyuma yako."

"Watanicheka, Babu."

"Watakucheka. Vaa viatu."

Walianzia kwa akina Basma. Asya alisema maneno yake akitazama kizingiti. Mama yake Basma aliguna. Basma alikunja mikono.

"Kwa hiyo ile gesi nilisema kweli," alisema.

"Ulisema kweli."

Labda Basma alikuwa amejitayarisha kwa ugomvi, maana aliposikia hivyo alikosa la kuongeza. Akakuna shingo. "Mama, si kuna ule mlimau uliokauka nyuma? Baba alitaka kuung'oa mwenyewe."

Hiyo ilikuwa kuni ya kwanza. Nyumba ya pili walimkemea kwanza, kisha wakampa matawi ya mkunazi wao yaliyopogolewa. Nyingine walimfungia mlango, halafu wakaufungua tena na kutoa vigutu vikavu vya makuti ya mtende. Mzee mmoja alimpa nasaha ndefu kiasi kwamba Babu alisinzia amesimama. Ami mmoja akatoa kabati lililovunjika, lenye rangi ya kung'aa, akasema nalo ni mti. Mzee Yaarub, aliyekuwa amejiunga nao njiani, alilirudisha palepale.

"Tunaoka nyama," alisema. "Hatupaki milango."

Kila mlango Asya alisema yaleyale, na kila mlango Babu alisimama nyuma yake bila kumsaidia hata kwa neno. Azzam alifuata na pikapu, akipakia. Hakuna aliyemwomba. Alipoulizwa, alisema hawezi kumwacha binti wa ami yake azunguke kama muuza samaki peke yake.

Siku ya Idi, baada ya kuchinja, Mzee Yaarub aliliwasha tanuri. Alinung'unika tangu mwanzo. Mlimau unaungua upesi, mkunazi unafaa kidogo, vigutu vya mtende vinawaka kama wivu na kuzimika kama ahadi. Ilibidi kulilisha tanuri bila kupumzika. Watoto walikimbia kuleta kuni, wakubwa walisimama pembeni wakitoa maoni ambayo hayakuombwa. Asya alikuwa mweusi kwa masizi mpaka Bibi Kaltham akampita bila kumtambua. Kila alipochungulia shimoni alijiuliza kama makaa yale yatatosha. Mwishowe mawe ya ndani yakawa meupe kwa joto, mifuko ikashushwa, kifuniko kikawekwa, na udongo wa maji ukapakwa pande zote mpaka moshi ukakoma.

Kesho yake mtaa mzima ulikusanyika. Hakuna aliyezungumza sana. Mzee Yaarub alivunja udongo, kifuniko kikafunuliwa, mvuke ukapanda. Mfuko wa kwanza ulitolewa kwa ndoana. Mzee aliufungua, akashika mfupa wa paja, akauvuta. Mfupa ukatoka peke yake, safi, na nyama ikabaki mahali pake.

Watu wakapumua.

Si mifuko yote iliyokuwa hivyo. Ile iliyokaa juu ilikuwa haijaiva vizuri, na mama yake Basma alilazimika kuimalizia yao jikoni, tena kwa gesi. Alisema jambo hilo kwa sauti ili kila mtu asikie. Basma alimtazama Asya, nao wote wawili wakacheka.

Babu Hamoud alimwita Asya kando, ukutani penye kivuli, akampa kipande cha nyama kwenye mkate.

"Imeiva," alisema. "Lakini usije ukafikiri kwamba kwa sababu imeiva basi lile lilikuwa dogo. Mti ule ulianza kukua kabla sijazaliwa, na wewe huwezi kulirudisha tawi lake hata ukilia mwaka mzima. Mimi nami nilidhani ruhusa ni karatasi tu ya kutuchelewesha. Nilipokuwa natembea uani kama beberu, nawe ulikuwa unanitazama, kwa hiyo haraka yako uliipata kwangu. Hilo ni langu. Yule kijana wa ofisi alikuwa anachelewa kwa sababu alikuwa anatazama. Ruhusa ndiyo hiyo, mjukuu wangu: mtu mwingine atazame kabla hujakata."

"Ndiyo, Babu."

"Na uongo wako haukukaa kwako. Ulinipitia mimi, ukampitia Azzam, ukafika kwenye mti. Siku nyingine nikikuuliza, hata watu wakiwa wamesimama mlangoni na ndevu zao, niambie bado. Bado ni jibu. Nitakasirika, nitapiga miguu, lakini nitakuwa nakasirikia kitu cha kweli."

Asya aliitikia kwa kichwa. Mkate ulikuwa bado mzima mkononi mwake.

"Sasa kula," Babu alisema. "Ukimaliza, nenda kamsaidie mama yake Basma kuosha lile sufuria. Lazima limeungua, nimeisikia harufu yake mpaka hapa."

Asya akafuta mikono, akaenda.